Kabla hujalipia bima ya afya, pita kwanza kwenye dirisha la bima la hospitali yako

DadaWaDirishani

Wakuu, habari za jioni.

Nimekaa miaka tisa kwenye dirisha la bima la hospitali moja binafsi hapa Dar es Salaam. Kazi yangu ilikuwa kupokea kadi, kuihakiki kwenye mfumo, kuomba kibali, na mara nyingine kumwambia mtu aliyemshika mgonjwa wake mkono kwamba bima yake hailipi. Hiyo ya mwisho sikuizoea mpaka naondoka.

Siku hizi kila wiki ndugu au jirani ananiuliza, "Dada, kampuni gani ya bima ni nzuri?" Nami namuuliza: mwanao akizidiwa saa nane usiku, unampeleka wapi? Akishanijibu hapo ndipo tunaanza kuzungumza. Watu wengi wananunua bima kwanza, halafu wakiugua ndiyo wanatafuta hospitali inayoipokea. Ningependa tufanye kinyume chake.

Nitawapa kisa kimoja. Kaka mmoja alimleta mkewe karibu saa tano usiku, uchungu umekwama, daktari akasema ni upasuaji. Kadi ilikuwa hai, picha ni yake, mchango umelipwa wa mwaka mzima. Mfumo ukakataa. Bima ilianza Februari na ile ilikuwa Agosti, wakati mkataba wao ulitaka miezi kumi ipite kabla ya kulipia uzazi. Yule kaka akatoa mfukoni kipeperushi kilichokunjwa mara nne, akanionyesha mstari ulioandikwa "huduma za uzazi". Ni kweli zilikuwemo. Muda wa kusubiri uliandikwa kwenye mkataba, na mkataba hakuwahi kupewa. Walinunua ile bima mke akiwa na mimba changa, na wakala alijua hivyo. Madaktari hawakungoja fedha, mtoto akazaliwa salama. Lakini siku ya kuruhusiwa, bodaboda iliyokuwa inalisha nyumba ile ilikuwa imeshauzwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza nawaomba: usilipe kabla hujashika mkataba wenyewe. Kipeperushi kinakuambia kilichomo, mkataba unakuambia lini, kwa kiasi gani na wapi. Ukiambiwa mkataba utatumwa baada ya malipo, omba nakala ya mfano. Kampuni makini inayo. Ukishaipata, fungua kwanza sehemu ya mambo yasiyolipiwa, ndipo usome ya mafao.

La pili ni vikomo. Utaambiwa "kikomo milioni kumi na tano" ukaona umefika. Ile namba kubwa kwa kawaida ni ya kulazwa tu. Ndani yake kuna mafungu madogo. Chukueni mfano wa kujitungia: kulazwa milioni 15, wagonjwa wa nje milioni 1, uzazi milioni 1 na nusu, meno laki 2, miwani laki 2, magonjwa sugu milioni 3. Mgonjwa wa figo kwenye mkataba kama huo ana milioni tatu, hana kumi na tano. Halafu uliza kama kikomo ni cha kila mtu au cha familia nzima. Nimeona baba akilazwa Machi kwa ajali, na mwezi wa Septemba mtoto anakuja na nimonia hakuna kilichobaki. Mama yake akanitazama kama vile mimi ndiye niliyezitumia.

La tatu ni orodha ya hospitali, na hapa watu wanapotea sana. Kampuni moja inaweza kuwa na madaraja matatu ya kadi. Hospitali inapokea daraja la juu, la chini haipokei, na kadi zinafanana isipokuwa neno moja dogo. Ndiyo maana nasema nenda dirishani. Nenda alasiri, kama saa tisa hivi, asubuhi foleni ni kubwa na karani hana nafasi ya kukusikiliza. Muulize kwa jina la kifurushi: hiki mnakipokea? Kwa kulazwa pia, au wagonjwa wa nje peke yake? Mwaka huu mmewahi kuisimamisha kampuni hii kwa sababu ya madeni? Usiku kibali kinachukua muda gani? Karani anayajua hayo yote. Katika miaka tisa, walionijia na maswali haya kabla ya kununua sidhani kama wanafika kumi.

Ninayo mengine, lakini ulizeni kwanza niende na mnayoyahitaji.

FundiUmemeTegeta

Dada ubarikiwe. Mimi ni fundi wa umeme, sina mwajiri. Mke na watoto wawili, mkubwa ana miaka saba, mdogo miwili na nusu. Kwa mwezi nikijibana naweza kutenga elfu arobaini mpaka hamsini. Nimefuatwa na mawakala wawili wa kampuni binafsi, na mtendaji wa mtaa anatuhimiza tujiunge na CHF, mfuko wa afya ya jamii. Niko njia panda.

DadaWaDirishani

Kaka Fundi, asante kwa kuweka hesabu wazi.

CHF iliyoboreshwa mikoa mingi ilipangwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Dar es Salaam kiwango kilikuwa 150,000, kwa hiyo usishangae ukisikia ndugu wa Singida analipa kidogo kuliko wewe. Inatumika kwenye vituo vya serikali, unaanzia zahanati au kituo cha afya, unapanda kwa rufaa. Watu wanaidharau kwa sababu ya foleni na kwa sababu mara nyingine unaandikiwa dawa halafu dirishani hazipo. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini mtu akipasuliwa kwenye hospitali ya wilaya kwa mchango wa aina hiyo, familia imeokoka.

Kitu kingine watu husahau: kuna huduma ambazo tayari hupaswi kulipia kwenye vituo vya serikali. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawasamehe wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Chanjo, dawa za kifua kikuu na dawa za kufubaza VVU ni bure. Najua utekelezaji unatofautiana kituo na kituo, na wajawazito bado wanaambiwa waje na vifaa. Hata hivyo ukikutana na wakala anayekuuzia "chanjo za mtoto" kama fao kubwa, jua anakuuzia kitu ambacho mwanao mdogo anakipata kliniki.

Kwa uwezo uliousema, laki tano au sita kwa mwaka, bima binafsi ya watu wanne itakuwa ya kifurushi cha chini kabisa. Usikatae kwa hilo peke yake. Ila tazama ni kitu gani wamekipunguza ili bei ishuke. Wakipunguza wagonjwa wa nje, meno na miwani, unaweza kuishi. Mafua na malaria utayalipa mwenyewe. Wakipunguza kulazwa na upasuaji ili wakupe miwani, achana nayo. Bima ni ya ile siku ambayo mfuko wako hauwezi kabisa.

Ningekuwa wewe ningeanza na hii ya serikali mwaka huu, niweke akiba kiasi kinachobaki kwa ajili ya dawa zitakazokosekana, na mwakani nipime tena. Na uliza ofisi ya mkoa ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, kuhusu vifurushi vya watu binafsi vilivyopo sasa, maana vimekuwa vikibadilika. Vile vya Najali, Wekeza na Timiza vilivyoanza 2019 vilishaondolewa, vikaja vingine. Usitegemee uzi wa miaka mitatu iliyopita, hata huu wangu usiutegemee ukishazeeka.

Kibubu_Kwanza

Mimi bima sitaki. Nimelipa miaka minne mfululizo sijaugua hata siku moja, hela imeenda. Bora ningeiweka kwenye kibubu, ningekuwa na milioni mbili na ushee zangu. Bima ni biashara ya hofu.

DadaWaDirishani

Kaka, uchungu wako naujua. Kulipa kitu usichokitumia kunauma, hasa kipato kikiwa cha kusaka. Lakini nikupe hesabu niliyokuwa naiona kila siku nyingine, kwa sababu wagonjwa wa figo wa kusafisha damu wanakuja mara tatu kwa wiki, mwaka mzima, maisha yote au mpaka wapandikizwe figo. Mara tatu kwa wiki kwa wiki 52 ni mara 156. Tukadirie laki moja na nusu kwa kila mara, ni shilingi 23,400,000 kwa mwaka mmoja. Milioni mbili za kibubu zinatosha mara kumi na tatu, yaani kama mwezi mmoja. Mwenye kibubu ananunua mwezi. Baada ya hapo linauzwa shamba, halafu nyumba, na nimewaona wakipunguza wenyewe kutoka mara tatu kwenda mara mbili, kwenda mara moja. Kwa mara moja kwa wiki mtu haishi muda mrefu.

Miaka yako minne ya kutougua, fedha zako zilikuwa zinasafisha damu ya mtu. Sikuambii hivyo ili ujisikie vibaya. Ndivyo mfuko unavyosimama. Wazima wakijitoa wote wakabaki wagonjwa, mfuko unakufa. Tuliona kwa Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya NHIF. Ilikuwa shilingi 50,400 tu kwa mtoto kwa mwaka, na wazazi wengi wakawa wanamsajili mtoto siku aliyougua, tena yule mgonjwa peke yake, ndugu zake wazima wanaachwa. Machi 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa, wazazi wakaelekezwa wasajili kupitia shule. Mimi nilikuwa dirishani wiki ile. Kulikuwa na mama ana mtoto wa selimundu, kadi inaisha mwezi unaofuata, na mtoto hajafika umri wa shule. Sikuwa na la kumwambia. Nilimpa namba ya ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ya serikali iliyo karibu naye.

MwalimuWaRukwa

Mimi ni mwanachama wa NHIF kwa lazima, kama watumishi wote. Asilimia 3 inakatwa kwenye mshahara, mwajiri anaweka 3 nyingine. Tumo mimi, mwenza wangu, watoto wawili, na wazazi wangu wote wawili. Hapo nafasi sita zimejaa. Nasema wazi kwamba bila kadi hii baba yangu asingekuwepo, alifanyiwa upasuaji wa tezi dume hospitali ya kanda Mbeya na sikutoa hata shilingi ya kitanda.

Lakini naomba nieleze la tarehe 1 Machi 2024, ambalo wengi humu mnalikumbuka. Siku ile kitita kipya cha mafao cha NHIF, yaani orodha ya huduma na bei zake, kilianza kutumika, na baadhi ya hospitali binafsi zilikuwa zinalalamika kwamba bei walizopangiwa haziwafidii, zikasitisha kuwahudumia wanachama wa NHIF. Mimi nilikuwa safarini Dar na mwanangu ana homa kali, degedege limeshampita mara moja. Nafika hospitali niliyoizoea nikiwa Dar, naambiwa mwalimu, leo kadi yako hatuipokei. Mchango wangu hauna deni hata la mwezi mmoja. Nikampakia mtoto kwenye bajaji mpaka hospitali ya serikali, wakampokea vizuri, nawashukuru. Baadaye wakubwa walizungumza wakaelewana, huduma zikarudi. Mimi nilichojifunza ni kuwa na hospitali ya pili kichwani. Hospitali binafsi ina mkataba na mfuko, na mkataba unaweza kuvunjika asubuhi moja.

DadaWaDirishani

Mwalimu, pole kwa siku ile. Sisi upande wa ndani tulipewa maelekezo asubuhi tu kama ninyi mlivyosikia, na tukaanza kuwarudisha watu tuliowajua kwa majina.

Nyongeza kwa watumishi. Hakikisheni kila baada ya miezi mitatu kwamba mwajiri anapeleka michango. Hasa walio kwenye taasisi ndogo na shule binafsi. Mshahara unakatwa, fedha haifiki, kadi inafungwa, na wewe unajua hilo ukiwa umebeba mgonjwa. Na watoto wakifika 18 hawabaki hivi hivi, akiwa bado masomoni unapeleka uthibitisho wa chuo au shule ili aendelee mpaka 21. Nimeona wanafunzi wengi wa kidato cha sita wakikatwa kwa sababu tu mzazi hakupeleka barua.

DaktariKijana_KCMC

Nimepita humu nikaona niongeze mawili kutoka upande wetu.

Moja ni dawa. Mifuko mingi inalipia dawa zilizo kwenye orodha yake, na ya NHIF inakwenda na mwongozo wa taifa wa matibabu pamoja na ngazi ya kituo. Daktari akikuandikia jina la kibiashara la kampuni fulani, dirisha la dawa linaweza kukwambia haimo kwenye bima, kumbe dawa ileile kwa jina lake la kitaalamu imo. Usiondoke ukanunue kwa fedha yako. Rudi chumbani umwambie daktari, "Hii wamesema haimo, kuna inayofanana nayo iliyomo?" Hatukasiriki. Mara nyingi tunabadilisha papo hapo. Na dawa ikiwa imo lakini hospitali imeishiwa, uliza kama kuna fomu ya kuichukua kwenye duka la dawa lenye mkataba na mfuko wako.

Pili ni rufaa na vibali. Vipimo vikubwa kama MRI, baadhi ya upasuaji, tiba za saratani, vifaa vya moyo, vyote vinataka kibali cha mfuko kabla. Kama si dharura, usikubali kupangiwa tarehe ya upasuaji kabla hujakiona kibali kwa macho. Na ukiruka ngazi, ukatoka nyumbani moja kwa moja hadi hospitali ya kanda kwa kitu ambacho wilayani wangekitibu, mfuko una haki ya kukataa. Dharura ya kweli ni jambo jingine, hapo njoo tu, tutaelewana baadaye.

MzeeWaKigamboni

Wanangu, mimi nina miaka 67. Nimefanya biashara zangu miaka yote, sikuwahi kuajiriwa. Nimezunguka kampuni tatu za binafsi mwezi huu. Mbili zimeniambia umri wangu umepita wa kuingia. Ya tatu wananikubali lakini bei ni mara tatu ya anayolipa kijana wangu, na presha yangu hawailipii mwaka wa kwanza. Sasa mtu wa umri wangu aende wapi?

DadaWaDirishani

Shikamoo mzee wangu. Pole kwa mzunguko.

Bima binafsi nyingi zinaweka ukomo wa umri wa kuingia, wengine 60, wengine 65. Aliyekuwemo kabla ya hapo mara nyingi anaendelea, anayeanza ndiye anakataliwa. Hili vijana mlio humu mlisikie mkiwa bado na arobaini.

Kwako naona njia tatu, na ningezijaribu kwa mpangilio huu. Kwanza, je, kuna mtoto wako ambaye ni mtumishi, yupo NHIF kwa ajira, na nafasi zake sita hazijajaa? Mzazi anaingia. Hata mkwe anaweza kumwingiza mzazi wa mwenza wake. Hii ndiyo bima bora unayoweza kuipata, kwa sababu mchango hauongezeki kwa wewe kuingia. Pili, kujiunga na mfuko wa umma kama kaya, hapo hawakupimi umri kama binafsi. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na kusudio lake ni kwamba mtu asiachwe nje kwa umri au kwa ugonjwa alionao. Nenda ofisi ya NHIF au kwa mtendaji wa kata uulize utaratibu wa kujiunga ulivyo sasa. Tatu, hiyo kampuni ya bei kubwa. Kabla hujaikubali, uliza kama mwaka wa pili presha itaingia bila masharti, na uombe waandike. Kauli ya mdomo ya wakala haifiki dirishani kwetu.

Mvita254

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu mambo ni tofauti kidogo, wacha niwape picha kwa walio na jamaa Kenya.

NHIF yetu ilifungwa, tangu tarehe 1 Oktoba 2024 tuko chini ya SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya umma. Mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, na hakuna ukomo wa juu kama zamani. Asiyeajiriwa anapimwa uwezo wake kwa maswali ya nyumba na mali, kisha anapaswa kulipa kwa mwaka, chini kabisa ni shilingi 300 za Kenya kwa mwezi, yaani 3,600. Mama yangu ni muuza viazi karai, alijisajili akaona amemaliza. Alipolazwa hospitali ya level 4, kama ya wilaya kwenu, ndipo tukajua kujisajili si kulipa. Zahanati na kituo cha afya anatibiwa bure hata kama hajalipa, lakini ukilazwa lazima mwaka uwe umelipwa.

Na hata ukilipa, soma viwango. Kujifungua kawaida wanalipa 10,000, kwa upasuaji 30,000. Kitanda level 4 ni 3,360 kwa siku. Hospitali ya kibinafsi ikikutoza zaidi ya hapo, baki ni lako. Dada yangu alijifungulia hospitali ya kibinafsi, bili ikaja mara tatu ya kiwango, na hakuna aliyemwambia kabla. Kwa hivyo hilo la kwenda kuuliza dirishani naliunga mkono kabisa. Huku tunauliza hivi: "SHA inalipa ngapi, na mimi nitaongeza ngapi?" Usikubali jibu la "SHA inakubaliwa hapa".

DadaWaDirishani

Kaka Mvita, swali lako hilo la pili nalichukua, ni zuri kuliko nilivyoliweka mimi. Nanyi wa huku liongezeni: bima inalipa ngapi, na mimi nitaongeza ngapi.

BintiTanga

Dada, mimi nina jambo zito kidogo, naomba msinihukumu.

Mwaka jana nilimkatia mama bima binafsi, ana miaka 58. Mama ana kisukari mwaka wa sita sasa. Wakati wa kujaza fomu wakala aliniambia, "Hapo kwenye magonjwa weka hapana, ukisema ndiyo watakupandishia." Nikaweka hapana. Mwaka umepita mama anatumia kadi kwa vitu vidogo tu, dawa za sukari tunanunua wenyewe ili wasijue. Wiki iliyopita kidole cha mguu kimeanza kidonda, daktari anasema huenda akalazwa. Bima inaisha siku ishirini na mbili zijazo. Naogopa kumpeleka kwa kadi, naogopa pia kumwacha.

DadaWaDirishani

Mdogo wangu, hakuna wa kukuhukumu hapa. Fomu za namna hiyo nimezishika nyingi, na mara nyingi mwandiko wa kwenye "hapana" si wa mteja.

Kwanza mguu. Kidonda cha mguu kwa mwenye sukari hakingoji bima. Kesho asubuhi mpeleke hospitali ya mkoa, Bombo, kwa fedha taslimu, aonwe kliniki ya kisukari. Mwambie daktari ukweli wote, sukari ya miaka sita na dawa anazotumia. Ukimficha daktari kwa kuogopa bima, mama anaweza kupoteza mguu. Fedha ikiwa ngumu, ulizia ofisa ustawi wa jamii hapo hapo hospitali. Yupo kwa ajili hiyo, na haombwi kwa aibu.

Sasa kadi. Bima inasimama juu ya kusema kweli pande zote mbili. Kampuni ikigundua ugonjwa ulifichwa, inaweza kukataa bili yote na kuufuta mkataba, na itagundua, kwa sababu akilazwa faili litaandikwa "kisukari, miaka sita", na hilo faili ndilo linalotumwa kuombea kibali. Kwa hiyo usimlaze kwa kadi hiyo kwa kidonda hiki ukitumaini hawataona. Utabaki na bili ya hospitali binafsi, ambayo ni kubwa kuliko ya Bombo, na hutakuwa na bima.

Usihuishe kwa fomu ileile. Andika barua kwa kampuni, sema ulijaza kwa ushauri wa wakala, taja tarehe, uombe kusahihisha taarifa. Weka nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Wanaweza kukataa, wanaweza kukupandishia bei, wanaweza kumpa muda wa kusubiri kwa kisukari. Hata wakimpa mwaka mmoja wa kusubiri, baada yake analindwa kwa haki. Kwa wakala, kila wakala wa bima anatakiwa awe na leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Kama ana leseni, peleka malalamiko huko. Kama hana, peleka vilevile. Na ukiona kampuni imekukatalia isivyo haki, kuna ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, huhitaji wakili kufika pale.

Na wakati hayo yanaendelea, tafuta kama kuna ndugu yenu mtumishi mwenye nafasi ya mzazi kwenye NHIF, kama nilivyomweleza mzee wetu hapo juu. Kaka, dada, hata shemeji yako kama mama yenu ni mama mkwe wake.

BintiTanga

Dada, asante sana. Shemeji yangu ni mwalimu Muheza, ana watoto wawili tu na wazazi wake walishafariki. Sikuwahi kufikiria. Nampigia leo usiku.

Nimeshamwambia mama kuhusu kesho. Anasema kidole hakimuumi, kwa nini twende.

DaktariKijana_KCMC

Dada Binti, kutomuuma ndiyo sababu ya kwenda. Sukari imeshagusa mishipa ya fahamu ya mguu, ndiyo maana hasikii. Msimloweke mguu kwenye maji ya moto wala chumvi usiku huu. Funika kwa kitambaa safi kikavu, asivae viatu vya kubana, asikanyage peku. Na mpime sukari kabla hamjatoka nyumbani kama mna kipimo, mje na hiyo namba.

BintiTanga

Tumerudi jana jioni. Wamemsafisha kidonda, hakulazwa, tunarudi kila siku ya pili kubadilisha bandeji. Daktari kasema tungechelewa wiki moja tungezungumza mengine. Gharama tumeweza.

Shemeji amekubali. Ofisini kwao wamemwambia alete cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa cha mkewe chenye jina la mama, picha ndogo za mama na kitambulisho cha NIDA. Cheti cha dada kina jina la mama limeandikwa tofauti na NIDA, herufi moja. Dada wa Dirishani, hilo litatukwamisha?

DadaWaDirishani

Linaweza kuwakwamisha. Msilipeleke hivyo hivyo. Nendeni kwa wakili au mahakamani mkaape hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, halafu muiambatishe. Fanyeni wiki hii, kabla hajaanza kujaza fomu. Na kadi ikitoka, siku hiyohiyo nendeni nayo Bombo dirishani, mwombeni karani aiweke kwenye mfumo mkiwa bado wazima mnasimama mbele yake, muone jina la mama linatokea.